Saba za Hilja

Hapa ulipokanyaga, Vendla, palikuwa na mtambo namba nne.
Miaka kumi na tisa nilisimama papa hapa,
karatasi ikinipita mbio, pana kama barabara,
nikaacha humu nusu ya masikio yangu.
Kisha kiwanda kikafungwa, siku ya Alhamisi.
Tulipewa keki.

Sasa ni makabati meusi, safu kwa safu,
na mvumo usiovuta pumzi.
Usiguse bomba hilo. Maji huingia ya baridi,
hutoka yamebeba jasho la hesabu
mpaka majumbani mwa Mustakoski,
na mtu wa ghorofa ya tatu akaoga
kwa joto la swali asilolijua:
protini hii hujikunja vipi,
wingu lile litamwagia wapi.

Wewe umekuja na swali la barafu.
Mto wetu hulala Novemba, huamka Mei,
na hauamki kwa adabu.
Mwaka wa themanini na nne ulipasuka usiku;
mapande ukubwa wa malori yakakwama penye kona, chini ya kanisa,
maji yakarudi kinyumenyume
yakaingia kwa kaka yangu Tauno bila hodi.
Alitoka na redio na kiatu kimoja.
Hatukuwa na wa kumuuliza: lini?

Tulikuwa na Hilja Moilanen tu, mtunza kivuko,
kila Jumamosi anatoboa barafu kwa keekee,
anapima kwa rula ya shule ya mwanawe,
anaandika: unene, upepo, rangi.
Miaka thelathini na mitatu. Hakulipwa hata senti.
Karatasi ya madaftari yake ilitoka humu,
mtambo namba nne.

Akili mnemba ilipopewa madaftari iyasome
ilijikwaa. Saba za Hilja zilifanana na moja,
maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Barafu ya sabini na saba ikawa kumi na moja.
Profesa Ylikangas akaona maajabu kwenye grafu,
akaanza kuyaandikia makala.
Nilikuwa napiga deki. Nikasema:
wiki hiyo trekta la akina Keränen lilivuka mto,
na Keränen hakuwa mjinga.

Ndipo waliponiandikisha darasani.
Miaka hamsini na minane, kati ya vijana wenye hereni puani,
nikajifunza kuifunza mashine:
hii saba. Hii saba. Hii moja.
Hili ni doa la kahawa.

Juzi umetuma kazi yako ya kwanza.
Foleni: wa mia mbili arobaini na moja.
Mbele yako watu wa nyota, watu wa saratani,
na hapa hakuna mjomba wa kukupitisha mlango wa nyuma.
Zamu yako ikafika saa tisa na robo usiku,
ikaenda saa sita, ikafa
kwa mkato mmoja uliosahau kuuweka.
Nilikuona unalia kando ya birika la kahawa.
Sikuja. Nilipolia mimi, hawakuja pia.
Koleo likivunjika, uhunzi haujaisha;
na kweli, jioni ulikuwa umeketi tena,
nywele hazijachanwa, mkato mahali pake.

Leo asubuhi jibu limetoka.
Kona ya kanisa, kati ya tarehe nne na tisa Mei,
uwezekano asilimia sitini na moja.

Ungependa mia, najua. Uso wako umesema.
Tauno angeuza ng'ombe wote aipate hiyo sitini na moja,
usiku mmoja tu kabla.

Mpigie wewe mwenyewe, namba hii hapa.
Iache iite sana. Saa hizi yuko bafuni,
ghorofa ya tatu, na kama bomba hili halisemi uongo
maji yake yana moto kuliko jana.
Mwambie sitini na moja.
Nimeangalia mara mbili:
ni moja, si saba.