Sekunde Kumi na Nne

Ililetwa Alhamisi, imefungwa ndani ya soksi.
Sikucheka. Hapa Kibuye nimeletewa saa katika kopo la kahawa,
na moja ilifika ingali mkononi mwa mlevi, mwenyewe kalala.

Kijana akajitaja: Omune, wa Ahero.
"Ni ya mjomba. Kuna mtu Nairobi ataka kuinunua.
Amesema itembee. Na amesema ing'ae."
Akataja bei, kisha akatazama mlangoni
kama aliyetoa tusi mbele ya mkwewe.

Nikaweka lenzi jichoni.
Uso mweusi, tarakimu nyeupe, nene,
za kusomwa na mtu anayetikiswa.
Vijicho vitatu, vitufe viwili ubavuni,
kifundo cha ufunguo kikubwa kama kitunguu kichanga,
cha kushikwa na vidole vilivyovaa glavu.

Kondele kuna bango lenye saa kama hii:
imevaliwa na mwanamume mwenye ndevu za kuchongwa,
nyuma yake ndege, chini yake neno URITHI.
Yule wa bangoni hajawahi kutapika angani.

Elkana Agengo alitapika. Kijana ndiye aliyesema.
Alikuwa rubani wa miwa, si wa abiria.
Alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka,
alishuka Chemelil hadi magurudumu yapanguse majani,
akabonyeza kitufe cha juu, akafungulia dawa,
akahesabu: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu,
kumi na nne, funga, vuta, pinda,
maana sekunde ya kumi na tano ilikuwa na nyaya za umeme.
Bonyeza. Rudisha sifuri. Anza.
Shamba moja, mara arobaini.

Mkewe hakuipenda. Saa ya uongo, alisema.
Sisi mshale ukigusa saba twasema saa moja,
tumezoea kusoma ng'ambo ya pili ya duara
wala hatuulizani sababu.
Lakini ya Elkana ilifuata majira ya marubani:
jua likichomoza Ahero, yenyewe yaonyesha tatu na nusu.
"Sasa ni saa ngapi?" mama akauliza, uji unapoa.
Naye: "Ya nani?"

Nikafungua kifuniko cha nyuma.
Mafuta yameganda yakawa gundi. Vumbi jeusi la Kano.
Chumvi ya jasho kwenye mpira wa kuzuia maji.
Na kwa ndani, asipoona mvaaji,
alama za mafundi, zimekwaruzwa kwa sindano;
ndivyo tunavyosalimiana.
Ya kwanza ya kigeni, siijui.
Ya pili: Z.N., 1979, na mifupa ya samaki.

Zakaria Ndeda! Aliyenifundisha kazi
kwa kunigonga vidole kwa koleo.
Akilipwa, alichora samaki mzima.
Asipolipwa, mifupa.

"Mjomba wako anadaiwa," nikasema.
"Kiasi gani?"
"Mdai amezikwa Yala. Kamuulize."
Akacheka, kwa mara ya kwanza,
akafanana na mtu mwenye mjomba.

Siku tisa nimeisafisha, jino kwa jino.
Sikuing'arisha. Mkwaruzo wa ubavuni
ni wa mlango wa ndege; nikiufuta
nitakuwa nimeuza bango.

Aliporudi nikampa ajaribu.
Akabonyeza. Mshale mwembamba ukaondoka,
nasi tukanyamaza, hata cherehani ya jirani ikanyamaza,
na ulipofika kumi na nne
bega lake la kushoto likainama lenyewe.
Hakujua. Nilipomwambia, alikana.

Ameondoka nayo mkononi, soksi mfukoni.
Nairobi au Ahero, hakusema.
Malipo, kasema, mwisho wa mwezi.

Ndani ya kifuniko nimeacha herufi zangu, mwaka,
na samaki: kichwa, mkia, uti wa mgongo.
Nyama nimemwachia nafasi.