Masafa ya Siku Tatu

Studio ni tela la kubebea farasi,
bado linanuka nyasi kavu na jasho la mnyama.
Mtambo unakula umeme wa baiskeli:
Gethin akichoka kukanyaga
Eirlys hufifia katikati ya sentensi,
mwingine akipanda, sauti hurudi na pumzi mpya.

Mvua ya Wales haina haraka. Inadonoa turubai,
nami nimejilaza, redio ndogo sikioni,
betri nimezipasha moto kwapani.

"Limeokotwa buti moja, la kushoto.
Imepotea sufuria ya Bi Nerys, ingali na supu.
Atakayeinywa arudishe chombo."
Kicheko kikaruka hema hadi hema.

Kisha akashusha sauti, kama amfunikaye mtoto:
"Emrys wa Huw, popote ulipo,
baba yako yupo pale bombani.
Hajakasirika. Amesimama tu. Hana koti."

Hakuna aliyecheka. Muziki haukufuata.
Tulisikia mnyororo wa baiskeli ukizunguka,
na mvua mara mbili: moja juu ya hema,
moja ndani ya redio.

Zipu ikafunguka upande wa uzio.
Miguu ikachapa matope, tukaihesabu
mpaka ikatupotea.

Jumatatu, nilipovuka kilima cha kwanza,
Eirlys alianza kukwaruza garini.
Alikuwa akishukuru watu mmoja mmoja, majina yakimponyoka.
Nikapunguza mwendo. Nyuma wakapiga honi.
Na lile buti la kushoto, alisema, hadi sasa bado