Rangi ya Mkia

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Mawaleh,
juu ya paa, kati ya tangi la maji na dishi bovu,
mimi, darubini, daftari, chupa ya chai ya tangawizi.
Ya kwanza inatoka Salalah. Sihitaji kuiona,
naijua kwa kikohozi chake inapokunjua miguu.
Ya pili ni ya mizigo, tumbo kubwa,
inashuka kama mja mzito kwenye ngazi.
Naandika herufi za ubavuni. Naandika saa.
Naandika upepo: kaskazini, una vumbi.

Bi Raya anaanika nguo paa la pili.
Mwaka wa tisa huu swali lake ni lile lile:
"Unamngoja nani?"
Simngoji mtu,
na hilo ndilo asiloweza kunisamehe.
Ningekuwa na mume huko juu angeniombea dua.
"Macho hayana pazia," namwambia,
naye anabana kanzu kwenye kamba kwa hasira kidogo.

Mchana natengeneza meno ya bandia, kliniki ya Al-Khoudh.
Usiku natandaza gazeti juu ya meza ya chakula:
kibano ni kile kile, msasa ni ule ule,
hata pumzi naibana vile vile.
Vipande mia na arobaini na viwili.
Ndege ya zamani, panga boi mbili,
pua juu, mkia chini, kama bata aliyekaa kitako.
Ndiyo iliyomtoa mama Bahrein mwaka wa sabini na moja,
baada ya Unguja, baada ya Mombasa,
na sanduku la bati, nami tumboni, miezi mitano.
Kwa hiyo nami niliipanda,
ila dirisha sikupewa.

Mama, Mungu amrehemu, alisema mkia ulikuwa wa kijani.
Ami Mundhir, aliyekuwa mpagazi Bait al-Falaj, anaapa:
"Mwekundu! Kivuli chake nilikilalia kila adhuhuri."
Kana kwamba kivuli kina rangi.
Picha tuliyo nayo ni nyeusi na nyeupe,
na pale penye mkia
pana kidole cha mpiga picha.
Kazini nina aina kumi na sita za weupe wa jino.
Mkia mmoja umenishinda.

Ijumaa nikamchukua Haitham, mtoto wa kaka yangu,
tukaenda Ruwi kuutafuta uwanja.
Uwanja haupo. Ipo benki, lipo duka la saa,
yupo kinyozi wa Kerala anayefagia nywele mpaka barabarani.
Milima tu ndiyo haikuhama, myeusi, yenye magego,
na ukiitazama unajua: pale rubani aliinamisha bawa,
pale abiria wakakumbuka shahada.
Tukahesabu hatua. Haitham kwa sauti,
katikati ya watu wanaotoka msikitini, bila haya,
mia tatu na tisa, mia tatu na kumi,
mpaka ukuta wa duka la magodoro ukatuzuia.
"Bibi alishukia hapa?"
Sijui. Nikasema ndiyo.

Jana Ami alikuja kuiona. Nilikuwa nimemwekea
vikopo viwili, chekundu na cha kijani, vifuniko wazi.
Hakuvitazama. Aliinama mpaka miwani ikagusa bawa,
akaweka ukucha chini ya kijimlango:
"Mama yako alitapika hapa.
Mimi ndiye niliyemwagia mchanga."
Akanyamaza. Akaomba chai.

Mkia nimeuacha ulivyotoka kiwandani, kijivu.
Leo alfajiri nikafungua daftari ukurasa wa kwanza,
juu kabisa, pale palipobaki nafasi ya vidole viwili:
Bait al-Falaj. Saa haijulikani. Upepo haujulikani.
Walioshuka: mmoja na nusu.
Rangi ya mkia

hapo ikakohoa ya Salalah, imechelewa dakika sita,
nikanyakua darubini.