Ubao wa Fusae

Maji yetu hutoka mwambani na digrii tisini na nne.
Yai laiva humo muda wa kuvuta sigara mbili.
Mtu, basi tena.

Kwa hiyo mama yangu, Fusae wa nyumba ya wageni ya tatu,
aliyapiga kila alfajiri
kwa ubao wa msonobari uliomzidi kimo,
kushoto, kulia, kushoto,
mpaka yashuke arobaini na mbili.
Miaka thelathini na mmoja.
Sikuwahi kuuliza joto lile lilikwenda wapi.
Lilitokea dirishani. Liliyeyusha theluji ya paa.
Liliishia mabegani mwake.

Akaja Orie, kipimajoto mfukoni kama kalamu.
Toyokichi wa nyumba ya kwanza akamwambia:
ukitoboa kisima kipya bafu zetu zitapoa, tule mawe?
Sitoboi, akasema. Naomba kile mnachomwaga.

Tukacheka. Maji yasiyochemka ndiyo yazungushe mashine?
Maji ya moto hayachomi nyumba, nani asiyejua.

Ndipo akatueleza habari za pentani,
kimiminika chenye hamaki ya karibu,
kinachochemka kwa joto la kwapa la mtoto mzima wa afya.
Hakigusani na maji yetu.
Kati yao kuna ukuta mwembamba wa chuma,
majirani wasiosemezana,
ila huyu akikasirika yule anapandwa na mvuke,
na mvuke unasukuma gurudumu.
Upande wa pili mto wa theluji unakituliza,
kinarudi majimaji, kimesahau ugomvi,
kinaanza upya.

Sisemi ni muujiza.
Mashine ni kama friji mbili zilizopangwa, na inanguruma;
wageni kutoka Sendai walilalamika.
Mwezi wa pili mabomba yaliziba ukoko mweupe,
tukakaa gizani siku nne tukiukwangua kwa patasi.

Mama hakuja siku ya kuwasha.
Alikuja baadaye, peke yake, jioni,
akachovya kiwiko bafuni
kama anavyompimia mjukuu.
Nani ameyapiga?
Hakuna, nikasema. Yametoka kazini.

Akanyamaza. Akauchukua ubao,
akayapiga mara kumi hivi,
maana bado yalikuwa na kiburi kidogo.
Kisha akainua macho kwenye taa.
Mwanga huu, akasema,
unaonyesha kuvu wote wa ukutani.
Niletee brashi.