Gramu Ishirini na Nane

Dukani kwa Shebwana, mtaa wa Biashara,
kubwa ina betri nne na mkanda wa kupita utosini.
"Hii," asema, "itamulika mpaka Likoni."
Likoni kuna taa zake.
Mimi nataka ya kupandia vilima vya Shimba,
ya baiskeli kabla ya adhana,
taa ambayo shingo haitajua imebeba.

Nikaiona nyuma ya kikokotoo,
imeizidi kokwa ya tende kidogo tu.
"Hiyo ya watoto," akacheka.

Tukaipeleka kwa sonara, mlango wa pili.
Akatoa kipuli cha bibi harusi mizanini,
akaiweka: gramu ishirini na nane.
"Ingekuwa dhahabu," akasema,
"usingethubutu kuivaa usiku."

Leo nimeivaa, saa kumi na robo.
Mwanga haufiki mbali:
ukingo wa lami, paka, kifuu cha dafu,
kisha giza, na giza si langu.
Shimo la Kongowea nimelikwepa.
La pili tumesalimiana.

Darajani nikapapasa paji la uso,
nikidhani imeanguka,
kama mtu atafutaye miwani
aliyoivaa.