Spidi Sabini

Dama Charo hakuja na maelezo, alikuja na treya.
Akaiweka juu ya benchi langu, kati ya spana na chai:
mayai thelathini, kumi na moja yamepasuka,
ute umeshika karatasi kama gundi.
"Jisomee," akasema. "Gari limeandika lenyewe."

Pikapu ya mwaka nilioacha shule,
sakafu imeliwa na chumvi hadi lami unaiona kati ya miguu,
mlango wa kushoto hufungwa kwa kamba ya katani.

Latetema wapi?
"Nikitoka Mazeras limetulia kama maji ya mtungi.
Miritini, barabara ikinyooka, mshale ukigusa sabini,
kiti chaanza kuninong'oneza mgongoni.
Themanini, kioo cha kati chanionyesha malori mawili
mahali pa moja.
Tisini sijui. Tisini nina mayai."

Kibwana, mwanafunzi wangu, akasema tairi.
Kwake kila ugonjwa ni tairi.
Tukazihamisha, za mbele nyuma, za nyuma mbele,
tukaenda Miritini tukarudi:
mtetemo palepale, kama mpangaji asiyelipa kodi.
Nikatoa gia, nikaliacha liseleleke.
Injini ikashusha pumzi,
mtetemo hauna habari.
Basi injini haina kesi.
Na usukani ulikuwa umetulia mkononi;
kilichocheza ni makalio.
Usukani ukicheza, tafuta mbele.
Makalio yakicheza, lala chini.

Nikalala. Saa saba mchana, Jomvu,
mchanga unachoma hata kivulini.
Nikaishika propela kwa mikono miwili, nikaisokota.
Krosi ya nyuma, kimya.
Krosi ya mbele, kimya.
Senta beringi, mpira wake mzima.
Hakuna kilicholegea,
na hapo ndipo nilipoogopa.
Kibovu hujitaja.
Kizima kilichokaa vibaya hunyamaza.

"Nipe tambara," nikasema, "na mafuta ya taa."
Nikafuta grisi pale propela inapoingia ndani ya mwenzake,
nikafuta tena,
ukatokea mshale mdogo uliochongwa kiwandani,
na upande wa pili mshale wa kukutana nao.
Haikukutana.
Ilipishana meno mawili.

Nani aliifungua mara ya mwisho?

Ramadhani iliyopita, magharibi yanakaribia,
koo kavu, nimelala hapahapa.
Niliisukuma, ikaingia.
Ilipoingia nikaridhika.

Kibwana alikuwa akinitazama.
Nikamweleza propela, maana ndiyo niliyoiweza:
krosi, hata mpya, haizunguki sawa.
Kila mzunguko huharakisha kidogo, huchelewa kidogo.
Ya nyuma nayo hukosea, ila kinyume chake,
na makosa mawili yakitazamana
hufutana, gari likateleza.
Yakipishana, kosa hupanda juu ya kosa,
na mlipaji ni yai.

Ningeweza kusema: krosi zimekufa, mama, elfu nne.
Asingejua. Kibwana angejua.
Mganga hajigangi, wasema,
lakini hakuna methali
ya mganga aliyemwambukiza mgonjwa
kisha akamwandikia bili.

Nikamwambia Dama.
Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.
Akachukua yai zima kwenye treya,
akaligeuzageuza kwenye mwanga, akalirudisha.
"Funga," akasema. "Tutazame."

Nikaipanga mishale uso kwa uso,
nikakaza boliti kwa zamu, nikakagua, nikakagua tena,
Kibwana akihesabu kwa sauti bila kuambiwa.

Tukatoka, yeye kwenye usukani, mimi kando,
treya mapajani mwangu kama mtoto wa watu.
Sitini. Mlango wagonga kwenye kamba yake.
Sabini. Nikangoja mgongo uambiwe kitu.
Themanini.
Akatazama kioo cha kati: lori moja.

Hakunishukuru. Alikuwa akihesabu
kwa vidole vya mkono usioshika usukani,
na vidole viliisha kabla ya miezi.