Mizani ya Ipuli

Miaka thelathini na miwili nimepima malori:
Makambako, Mikumi, mwisho Kibaha.
Madereva walinijua kwa jina moja tu,
Mnoko.
Leseni zilikuja zimekunjwa, ndani yake noti.
Nilirudisha leseni, na noti yake,
nikaandika faini.

Mafao yalipotoka tukahamia kwao mke wangu, Tabora,
nyumba ya matofali ya kuchoma, Ipuli.
Nyamizi alishuka Jumatatu;
Jumatano ana kikundi, ana kanga ya sare,
ana msiba wa kwenda kupikia.
Mimi nilikaa barazani nikisikiliza treni ya mizigo,
nikikisia tani.
Wapita njia walisema, "Mwangaluka,"
nami nikajibu, "Nzuri,"
kama mtu aliyeulizwa hali ya barabara.
Niliitwa mume wa Nyamizi.
Hata mbuzi wa jirani, nadhani, walinijua hivyo.

Ndipo Sista Kalunde wa zahanati akaja kuuliza:
nani hapa anajua kusoma mizani,
hana kazi, hadai posho?
Mke wangu hakusema kitu. Alinitazama tu.

Mizani yenyewe inaning'inia kwenye boriti,
uso wa saa, ndoana, kaptula ya turubai.
Siku ya kwanza niliipima yenyewe
kwa pakiti ya sukari, kilo mbili.
Ikadai mbili na robo.
"Sista, mizani yako inasema uongo."
Akaketi kwenye benchi la wajawazito.
"Tangu lini?" akauliza,
na wote wawili tukatazama daftari,
watoto wote wale tuliowaita wazima.

Basi kila Jumanne nikawa karani tena.
Wanafika mgongoni, wanavuliwa, wananing'inizwa,
wengine wananikojolea shati.
Mtaa niliujua kwa kilo:
Kashindye, nane kasoro, wa fundi baiskeli;
Kulwa na Doto wasiolingana,
na bibi yao huwabadilishia kofia makusudi nikosee;
na Shija, ambaye jina hakuchaguliwa,
alilikuta linamsubiri,
maana alizaliwa nyuma ya mapacha.

Mama Shija alinipa kitu kimefungwa gazetini.
Mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe,
mkono wa Kibaha.
"Siruhusiwi, mama."
Akakifungua, taratibu, mbele ya foleni nzima:
matobolwa.
Akakifunga.
Mwezi uliofuata hakuja.

"Ulidhani anakuhonga ili iweje?"
Nyamizi aliniuliza usiku, taa imezimwa.
"Mtoto aongezewe gramu?
Hapa mtu asiyekula cha mtu hajahamia.
Anapita."

Nikaomba mizani kwa Sista, nikaitia begani,
nikauliza njia mara nne.
Nilibisha hodi jua likiwa limeinama,
nikasema, "Mwangaluka!"
Watoto wakaanguka kicheko.
Kulwa, au Doto, bila kofia sikuwajua,
akanisahihisha: "Jioni ni Mwadila, babu."
Tuliitundika kwenye kenchi ya jiko, katikati ya moshi.
Sita nukta tatu.
Ilikuwa sita nukta saba.
Mama yake aliutazama ule mshale
muda mrefu kuliko nilivyoutazama mimi,
akasema homa ilimkausha maziwa,
na aliona haya kuja.
Haya ya nini, sikumuuliza. Nilijua sehemu yake.
Nikabaki mpaka ugali ukaiva.
Nikala.

Sista alishughulika na mengine, unga wa lishe, dawa,
mambo nisiyoyajua.
Miezi miwili baadaye Shija alifika na jino moja,
akaning'inia bila kulia,
ananikazia macho kama dereva
anayejua mzigo wake ni halali.
Saba nukta nne.
Nilisoma mara mbili, nikaandika.
Kisha mimi, Mnoko,
ambaye sikuwahi kuomba hata soda dirishani,
nikamwinamia mama yake, sauti ya chini:
"Leo hukunifungia chochote?"